Barua ya wazi kwa wakuu wa viwanda, maabara na maghala: taarifa za kemikali zimfikie anayefungua dumu

Ndugu wakurugenzi, mameneja wa uzalishaji, wakuu wa maabara na wasimamizi wa maghala,

Mkaguzi akiwauliza kama mna karatasi za taarifa za usalama wa kemikali, yaani maelezo ya mtengenezaji kuhusu hatari za kila kemikali na kinga yake, wengi wenu mtajibu kwamba mnazo, na mtakuwa mmesema kweli. Faili lipo, limepangwa vizuri, lina jalada gumu, na linakaa kwenye kabati la ofisi ya ununuzi ambayo hufungwa jioni. Sisi tunaofanya kazi ya usalama na afya mahali pa kazi hatuna ugomvi na faili hilo. Tatizo ni kwamba anayefungua dumu saa nane za usiku hajawahi kuliona. Hata akiletewa, hatajua ni ukurasa upi unaomhusu wakati macho yanamuwasha. Tunawaandikia ninyi, wala si maofisa usalama wenu, kwa sababu tunayoyaomba hayafanyiki bila sahihi zenu. Yanagusa ununuzi, bajeti na muda wa wafanyakazi.

Tarehe 4 Agosti 2020, kikosi cha zimamoto kiliitwa kuzima moto kwenye ghala namba 12 la bandari ya Beirut, Lebanoni. Ndani yake kulikuwa na takriban tani 2,750 za amonia nitrati, kemikali inayoweza kulipuka, zilizokaa humo kwa miaka. Barua kuhusu shehena hiyo zilishaandikwa, tena zaidi ya moja, na zilikuwa kwenye mafaili ya ofisi. Watu kumi wa kikosi kile walitumwa bila kuambiwa kilichomo, na wote wakafa. Kwa jumla mlipuko uliua zaidi ya watu 200. Waliokuwa na taarifa walikuwa ofisini, na waliozihitaji walikuwa mlangoni pa ghala.

Tuanze na ununuzi, maana kemikali huingia kazini kwa njia ya oda, na hapo ndipo kosa huzuilika kwa gharama ndogo kuliko kwingine kokote. Kanuni tunayoiomba ni moja: oda ya kemikali isipewe namba mpaka karatasi ya usalama iwe mkononi, nayo iwe ya bidhaa ileile, ya mtengenezaji yuleyule, yenye ukolezi uleule. Karatasi inayofanana haitoshi. Mnunuzi akipata bei nafuu akabadilisha mtengenezaji, karatasi ya zamani imekwisha kazi hata kama jina lililoandikwa kwenye dumu halikubadilika. Chukueni dawa ya klorini ya kusafishia, yaani sodiamu haipokloraiti. Ya asilimia 5 na ya asilimia 12 huitwa kwa jina moja stoo. Mfanyakazi aliyezoea kupima kikombe kimoja kwa ndoo atatengeneza maji yenye nguvu zaidi ya mara mbili bila kujua. Tena ile kali huharibika upesi na kutoa gesi ikikaa, ndiyo maana dumu lake huwa na kifuniko chenye tundu la kupumulia. Akiihamishia kwenye dumu la kawaida na kulikaza, litavimba.

Majina hupotosha kuliko mnavyodhani. Methanoli na ethanoli zimetenganishwa na herufi moja, zote ni maji meupe yanayowaka, lakini methanoli hupofusha na kuua, na hupita kwenye ngozi pia. Kwa hiyo bohari isipokee kwa jina peke yake, ipokee kwa namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kemikali ina yake duniani kote: methanoli ni 67-56-1, ethanoli ni 64-17-5. Uzuri wa namba hii ni kwamba tarakimu yake ya mwisho ni ya kuhakiki. Ondoa hiyo ya mwisho, kisha anzia kulia: ya kwanza zidisha kwa 1, inayofuata kwa 2, halafu 3, na kuendelea. Jumlisha. Kwa methanoli ni 6 + 10 + 21 + 24, jumla 61, inaishia na 1, na kweli tarakimu ya mwisho ni 1. Karani aliyegeuza akaandika 65-76-1 atapata 59 na kujua palepale kuwa amekosea. Kalamu inatosha kwa kazi hiyo. Kwa bidhaa za mchanganyiko, namba hizo zimo katika sehemu ya 3 ya karatasi, kila kiambato na yake.

Karatasi ikifika, asiipokee mtu wa kuibandika tu kwenye faili. Karatasi inayofuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa uainishaji na uwekaji lebo ina sehemu 16, na mpokeaji hana haja ya kuzisoma zote kwa uzito uleule. Aangalie sehemu ya 1 (jina linalingana na la kwenye dumu? simu ya dharura inapokelewa, hata usiku? ipigwe), sehemu ya 2 na ya 3 (hatari na viambato), sehemu ya 8 (kinga), pamoja na tarehe ya toleo. Sehemu ya 14 ina namba ya Umoja wa Mataifa ya usafirishaji, ambayo zimamoto wataihitaji. Ziko njia mbili za pembeni zinazopita nje ya ununuzi, nazo mzifunge: sampuli za bure zinazoachwa na wauzaji, na kemikali anazokuja nazo mkandarasi wa usafi, wa rangi au wa kuua wadudu. Mkandarasi akabidhi karatasi zake getini kabla gari halijashusha.

Sehemu ya 8 tunaitaja peke yake kwa sababu ndiyo inayoandikwa kivivu kuliko zote. "Vaa glavu zinazofaa." Zinazofaa ni zipi? Agosti 1996 matone machache ya dimethili zebaki, sumu kali ya zebaki, yalimdondokea Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani, juu ya glavu ya lateksi. Alikuwa amefuata tahadhari zilizopendekezwa wakati ule. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa kemikali ile hupenya glavu za namna hiyo kwa sekunde 15 au pungufu. Alifariki Juni 1997. Kwenu huenda hakuna dimethili zebaki, lakini kama mnabandua rangi kwa dawa yenye dikloromethani, glavu nyembamba za nitrili za kutumia mara moja hupitisha kimiminika hicho ndani ya dakika chache, na mvaaji haoni tundu lolote.

Basi karatasi ikisema "zinazofaa" na kuishia hapo, isikubaliwe. Mwandikieni msambazaji, mtake vitu vinne: glavu ya malighafi gani, unene gani, hukaa dakika ngapi kabla ya kupenywa, na kichujio cha barakoa ni cha aina gani. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Kwa vichujio vya mfumo wa Ulaya, A yenye rangi ya kahawia ni ya mvuke wa viyeyushi vingi vya kikaboni, K ya kijani ni ya amonia, P nyeupe ni ya chembechembe tu. Msambazaji akijibu kwamba hayo ni siri ya biashara, jueni anawachezea. Siri inaweza kufunika jina la kiambato, haifuniki madhara yake, kinga yake wala huduma yake ya kwanza. Na oda ikiwa bado mezani mwenu haijatiwa sahihi, majibu huja haraka ajabu.

Sasa orodha. Kila mahali tunaonyeshwa orodha ya kemikali iliyotengenezwa kutoka kwenye vitabu vya ununuzi, na kila mahali orodha hiyo ni pungufu. Orodha ya kweli hutengenezwa kwa miguu. Watu wawili, mmoja anasoma lebo, mwingine anaandika: jina kama lilivyo kwenye lebo, mtengenezaji, ukolezi, ukubwa wa chombo, kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kuwepo mahali hapo kwa wakati mmoja, chumba, na tarehe ya kufunguliwa. Waingie chini ya masinki, nyuma ya jenereta, kwenye kabati la wasafishaji, kwenye karakana ya mafundi, kwenye chumba cha kutibu maji. Tarehe ya kufunguliwa si urembo. Etha kama daiethili etha na tetrahidrofurani hutengeneza peroksidi, yaani kemikali zinazolipuka kwa urahisi, zikikaa na hewa, na chupa ya zamani yenye fuwele kwenye kifuniko inaweza kulipuka kwa kuzungushwa tu. Chupa ya namna hiyo ikionekana haiguswi. Chumba kinafungwa na anaitwa mtaalamu.

Wakiwa humo waandike pia vitu visivyo na dumu. Moshi wa kulehemu, vumbi la silika linalotoka mawe na zege vikikatwa, moshi wa dizeli: vyote vitatu vimo katika kundi la 1 la IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, yaani vinajulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hakuna kati ya hivyo kilicho na msambazaji, kwa hiyo hakuna kilicho na karatasi, na ndiyo sababu havimo katika faili lenu zuri. Hali ni hiyohiyo kwa haidrojeni inayotoka betri zinapochajiwa, na kwa kaboni monoksaidi ya injini inayowashwa ndani ya jengo. Kwa kila kimoja mtaandika karatasi yenu wenyewe.

Orodha hiyo ndiyo itakayowaonyesha nini kimekaa na nini. Tafadhali msipange rafu kwa alfabeti. Kwa alfabeti yetu asetoni, asidi ya asetiki na asidi ya nitriki zote zitaangukia A, na mtakuwa mmeweka viwili vinavyowaka ubavuni mwa kioksidishaji kikali. Alama za hatari zilizo kwenye lebo nazo huchangia kosa hili: mwali wa moto peke yake maana yake kitu kinawaka, mwali uliokaa juu ya duara maana yake ni kioksidishaji, kitu ambacho hukifanya kingine kiwake kwa nguvu zaidi. Mtu asiyefundishwa huona moto mara mbili akavipeleka kwenye kabati moja. Kalsiamu haipokloraiti, ile klorini ya unga, ikichanganyika na mafuta au mafuta ya breki inaweza kuwaka yenyewe bila cheche. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ndugu yake ya maji nayo vilevile. Haya yako katika sehemu ya 7 (utunzaji) na ya 10 (kisichopatana na nini), ambazo msimamizi wa ghala ndiye wa kwanza kuzihitaji na kwa kawaida ndiye wa mwisho kupewa.

Karatasi nzima yenye kurasa kumi au zaidi haiwezi kuwa chombo cha mtu aliye kazini. Inahitajika kadi ya ukurasa mmoja, ibandikwe pale kemikali inapotumika. Iandikwe na ofisa usalama akiwa amekaa na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, kwa sababu ndiye anayejua kwamba ile inayoitwa na karatasi "kiondoa oksidi" wao huiita dawa ya kutu. Majina yote mawili yawepo juu. Chini yake: inamfanya nini mtu, isichanganywe na nini, vaa nini (kwa jina na namba ya glavu iliyoko stoo), ikimwagika fanya nini, ikiingia machoni fanya nini, na maji yako wapi. Lugha iwe ya wanaoifanya kazi. Kama karatasi ya mtengenezaji ni ya Kiingereza na zamu nzima husoma Kiswahili, basi hamjampa mtu taarifa. Tafsiri ya mashine isibandikwe kabla ya kusomwa na mtu anayeijua kemikali hiyo, maana sentensi inayokataza ikipoteza "usi" moja inageuka kuwa maelekezo. Kisha mwiteni mfanyakazi asiyehusika kuiandika, mpeni asome, mwombeni aonyeshe kwa vitendo. Atakapokwama ndipo kadi ilipokosewa. Sahihi kwenye daftari la mafunzo haionyeshi chochote zaidi ya kwamba alikuwepo.

Kuhusu vyombo vya kuhamishia tutasema kwa ufupi. Chupa za soda na za maji ya kunywa zipigwe marufuku kabisa. Kila chombo kinachomiminiwa kemikali kiwe na lebo yenye jina, ukolezi, alama ya hatari, neno la hatari au onyo, tarehe, na aliyejaza. Iandikwe kwa wino usioyeyuka na kufunikwa kwa plastiki angavu, kwa sababu thina na asetoni hufuta maandishi ya kalamu ya kawaida kwa tone moja. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unalitaja jambo hili waziwazi: kemikali ikihamishwa, utambulisho na hatari zake vihame nayo. Mkataba huohuo unampa mfanyakazi haki ya kupata taarifa hizi, na haki ya kujiondoa mahali anapoona kwa sababu za msingi kuwa pana hatari kubwa ya papo kwa papo.

Kuna taarifa ambayo haina faida mpaka inunuliwe. Asidi ya haidrofloriki, inayopatikana katika baadhi ya dawa za kutu na za kusafishia rimu za magari, ikiwa na ukolezi mdogo inaweza isiume kwa saa nyingi baada ya kumgusa mtu. Wakati huo floraidi iliyomo katika asidi hiyo inashuka kwenye nyama hadi mfupa, inashika kalsiamu ya mwili, na kalsiamu ya damu ikishuka moyo unaweza kusimama. Karatasi itawaambia: maji mengi mara moja, kisha jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, na hospitali bila kusubiri maumivu. Mkifungua sanduku la huduma ya kwanza mtakuta plasta na pamba. Tunawaomba sehemu ya 4 (huduma ya kwanza), ya 5 (kuzima moto) na ya 6 (ikimwagika) zisomwe na mtu aliyeshika orodha ya manunuzi. Kama sehemu ya 4 inasema suuza macho kwa dakika 15, bomba la kuoshea macho litoe maji safi dakika 15 mfululizo, na mtu alifikie kwa mwendo wa takriban sekunde 10 bila kupanda ngazi wala kufungua mlango uliofungwa. Lifunguliwe kila wiki, kwa sababu maji yaliyolala kwenye bomba huleta kutu na vijidudu. Kama sehemu ya 5 inakataza maji na ninyi mna mabomba ya maji tu, hamna cha kuzimia.

Wengi wenu mmehamishia faili kwenye kompyuta, na kwa kutafuta na kubadilisha matoleo hilo ni jambo zuri. Lakini nywila inajulikana na watu wawili, printa iko ghorofa ya juu, na moto ukitokea umeme ndio wa kwanza kukatwa. Wekeni nakala za karatasi kwa kila eneo la kazi. Getini wekeni sanduku lenye ramani ya majengo, orodha ya kemikali na kiasi cha juu kwa kila jengo, kwa ajili ya zimamoto, na mlinzi wa usiku ajue liko wapi. Njia ya kujua kama mfumo unafanya kazi ni rahisi. Nendeni zamu ya usiku bila taarifa, mguse chombo chochote, mwombeni aliye karibu awaletee karatasi yake. Hesabuni dakika. Akianza kwa kumtafuta mtu mwenye funguo, mmeshapata jibu.

Toleo jipya likija, la zamani litolewe kazini siku hiyohiyo na kadi ibadilishwe, lakini lisitupwe. Mafaili ya zamani ndiyo tunayoyaona yakichomwa kila ofisi inapohama, na hasara yake huonekana baadaye sana. Saratani ya utando wa mapafu itokanayo na asbesto huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 au zaidi baada ya mtu kuivuta. Sheria za Marekani hudai kumbukumbu za mfiduo, yaani za nani alikutana na kemikali gani kazini, zitunzwe kwa angalau miaka 30, na za Umoja wa Ulaya hudai miaka 40 kwa vitu vinavyosababisha saratani. Hata kama sheria inayowahusu ni nyepesi kuliko hapo, tunzeni kwa kila kemikali jina lake, ilitumika wapi, na kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Mtu aliyefanya kazi kwenu akiwa na miaka 25 akaugua akiwa na 60, daktari atamuuliza alikuwa akivuta nini, na hakuna mwingine duniani mwenye jibu hilo isipokuwa ninyi.

Majibu tunayoyataka kutoka kwenu ni mawili, na yote yaandikwe. La kwanza ni jina la mtu mmoja katika kila eneo la kazi atakayebeba jukumu hili, pamoja na saa alizopewa kwa wiki na uwezo wa kuizuia oda hata kama imetoka kwa mkubwa wake. La pili ni tarehe ambayo kuanzia hapo hakuna oda ya kemikali itakayotoka bila karatasi yake.

Wenu katika kazi,
Sisi, watumishi wa usalama na afya mahali pa kazi